Sekunde Nne za Kizota

Zuleha alipotoka shule alikuwa na kazi tatu kabla ya kwenda kucheza: kuteka ndoo mbili za maji kwenye bomba la jirani, kufagia ua, na kukaa mkekani na Bibi Stara kuchambua karanga. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda. Bibi alivaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Vidole vyake vilitenga karanga mbovu na nzima, na mdomo wake ukarusha maswali.

"Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika?"

"Tanganyika."

"Mfupa mrefu kuliko yote mwilini?"

"Wa paja."

"Saba mara kumi na tatu?"

"Tisini na moja. Bibi, hilo umeuliza jana."

"Nimeuliza makusudi, nione kama umelala nalo," Bibi alisema, akacheka. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, lakini kwa kuuliza maswali alikuwa profesa.

Huo ulikuwa mwaka 2003. Televisheni za watu binafsi zilikuwa zinachipua kila mkoa, na Dodoma haikubaki nyuma. Mzee Lalji, muuza redio wa siku nyingi mjini, alikuwa ametandaza waya kutoka nguzo hadi nguzo na nyumba hadi nyumba, mpaka kituo chake kikaitwa televisheni ya waya. Mwanawe Jiten ndiye aliyekuwa fundi mitambo. Kijana huyo alizaliwa papa hapa Dodoma, akasoma mambo ya umeme, akarudi na bisibisi mfukoni ambayo haikumtoka hata siku ya harusi.

Kila Jumamosi saa kumi jioni kituo hicho kilirusha moja kwa moja mashindano ya chemsha bongo kati ya shule mbili. Shule ya akina Zuleha, ya mjini, ilikaa studio mbele ya mtangazaji, Bwana Bushiri. Shule ya pili ilikuwa Kizota, ambako waya wa Lalji haukuwa umefika. Jiten alipeleka matangazo huko kwa antena, yakapokelewa na kompyuta, ndipo yakaonekana kwenye televisheni. Watoto wa Kizota walikaa ukumbini kwao, wakalisikia swali kupitia televisheni, kisha wakagonga kengele mbele ya simu ya mezani iliyounganishwa na studio. Anayegonga kwanza ndiye anayejibu. Mzee Lalji alijivunia sana jambo hilo. Alitaka watu waone kwamba mji mzima umekaa sebule moja.

Kiongozi wa timu ya Kizota alikuwa Rukaya. Yeye na Zuleha walikuwa wamekulia ukuta kwa ukuta huko Majengo, wakila sahani moja na kugombania kitanda kimoja, mpaka baba yake Rukaya, Fundi Swalihu, alipohamishia karakana yake ya kuchomelea mageti Kizota. Walipokuwa darasa moja, Rukaya ndiye aliyekuwa mwepesi. Mwalimu alikuwa hajamaliza swali, yeye ameshanyoosha kidole.

Kwa hiyo watu walishangaa Kizota ilipopigwa pointi kumi na tatu kwa nne. Jumamosi ya pili ikapigwa kumi na tatu kwa tatu. Kila mara kengele yao ililia wakati Zuleha ameshagonga na pengine ameshajibu. Jumamosi ile ya kwanza Bwana Bushiri, ambaye hakuwahi kuona utani akauacha upite, alisema, "Kizota, mmelala?" Studio nzima ikaangua kicheko. Kufika Jumatatu kila mtoto mjini alikuwa anausema utani huo. Zuleha naye alipata jina: Zuleha Umeme. Wauza mboga sokoni walimwita hivyo, na yeye, tusimsingizie, aliupenda umeme huo kweli kweli.

Lakini mwisho wa Jumamosi ile ya pili, sauti ya Rukaya ilisikika kwenye simu, inatetemeka kwa hasira: "Tunagonga sisi kwanza! Kila swali tunagonga kwanza, ndipo tunawaona wao wanagonga! Mnawapendelea wa mjini!"

Bwana Bushiri alikasirika. Masikio ya watu wote wa studio yalisikia kengele ya mjini ikitangulia, akasema, sasa huyu mtoto anamwita nani mwongo? Mwalimu mkuu wa Rukaya aliona aibu. Aliamua kwamba Jumamosi inayofuata, kabla ya maswali, Rukaya aombe radhi hewani, mbele ya mji mzima, kwa kusema uongo.

Siku ya pili yake, Jumapili, Zuleha alikwenda Kizota kumtazama rafiki yake. Alimkuta amekaa kwenye kiofisi cha karakana, macho mekundu.

"Zuleha, niambie ukweli. Nimekuwa mzito?" Rukaya aliuliza. "Naapa naona tunagonga kwanza. Naona kwa macho yangu. Lakini watu wote hawawezi kukosea, mimi peke yangu nipate. Labda kichwa changu kina tatizo."

"Huna tatizo lolote," Zuleha alisema, kwa kuwa ndivyo mtu anavyomwambia rafiki yake.

Rukaya akafuta uso. "Ngoja nikanunue barafu za ubuyu. Mpigie Bibi umwambie umefika, simu ile pale."

Zuleha alinyanyua mkonga wa simu akapiga nyumbani. Televisheni ya ofisini ilikuwa imewashwa pembeni yake. Bibi Stara alipokea, na nyuma ya sauti ya Bibi, Zuleha akaisikia televisheni ya nyumbani. Bwana Bushiri alikuwa anasema, "Ndugu mtazamaji, sasa ni saa tisa kamili."

"Nimefika salama, Bibi," alisema Zuleha.

Ndipo televisheni iliyokuwa pembeni yake ikasema, "Ndugu mtazamaji, sasa ni saa tisa kamili."

Zuleha aliubana mkonga sikioni. Nyumbani Bwana Bushiri alikohoa. Zuleha akahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Bwana Bushiri wa Kizota akakohoa. Nyumbani ikaanza kaswida. Moja, mbili, tatu, nne. Kaswida ikaanza Kizota.

"Zuleha? Upo?" Bibi aliita.

"Nipo, Bibi. Baadaye."

Alirudisha mkonga mahali pake taratibu. Alikuwa mtoto mwenye akili, na hesabu hii haikuwa ngumu. Swali linalosomwa mjini lilifika Kizota sekunde nne baadaye. Rukaya alipokuwa anaanza kulisikia, Zuleha alikuwa ameshalimaliza. Kengele ya Rukaya ilipita kwenye simu bila kuchelewa, lakini kengele ya mjini ilichelewa sekunde nne kabla ya kuonekana Kizota. Ndiyo maana Rukaya aliona timu yake inagonga kwanza. Hakusema uongo hata neno moja.

Halafu hesabu ikamletea jibu la pili, na hili hakulipenda. Zuleha Umeme hakuwa umeme. Alikuwa ametangulizwa sekunde nne.

Rukaya aliingia na barafu mbili, akampa ile kubwa. Zuleha aliipokea. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza pamoja na ubuyu. Alijiambia kwamba atasema kesho. Kesho yake alijiambia kwamba yeye ni mtoto tu, nani atamsikiliza kuhusu mitambo. Jumanne wauza mboga walimwita Umeme na kumpa tango la bure. Jumatano aliota Rukaya analia. Alhamisi Bibi Stara alimuuliza kwa nini anabakiza chakula, akasema tumbo. Bibi alimtazama juu ya miwani yake, lakini hakumlazimisha.

Jumamosi ikafika. Studio ilijaa wazazi na walimu. Zuleha alikaa mbele ya kengele, pembeni yake Mwalimu Gaudence aliyewafundisha. Nyuma ya kioo Jiten alikuwa anageuza vitufe. Siku nyingine aliipunguza sauti ya simu ya Kizota ili ipenye kengele na sauti ya anayejibu tu. Leo aliifungulia yote ili mji mzima usikie radhi.

"Kabla hatujaanza, Kizota wana neno," alisema Bwana Bushiri. "Karibu, Rukaya."

Sauti ndogo ikatoka kwenye spika. "Naitwa Rukaya Swalihu, wa darasa la sita. Jumamosi iliyopita nilisema kwamba kituo kinawapendelea wa mjini..."

Zuleha aliyajua maneno yanayofuata, na alijua kuwa si ya haki. Alijikuta amesimama.

"Rukaya, usiombe radhi!" alipaza sauti. "Mligonga kwanza! Hukusema uongo!"

Watu wote waligeuka. Mwalimu Gaudence alimshika mkono. Lakini Rukaya hakunyamaza. Alikuwa mbali, na maneno ya kumzuia yalikuwa bado yako njiani.

"...na ninaomba radhi kwa Bwana Bushiri na kwa shule ya mjini. Nilisema uo..."

Hapo akakatika. Kupitia simu, kutoka kwenye televisheni ya ukumbi wa Kizota, studio nzima ikasikia sauti ya Zuleha mwenyewe: "Rukaya, usiombe radhi! Mligonga kwanza! Hukusema uongo!"

Hakuna aliyecheka. Hata Bwana Bushiri aliuacha utani upite, jambo ambalo mji ulikuwa haujapata kuliona.

"Mmesikia?" Zuleha alisema, machozi yanamtoka. "Ndivyo maswali yanavyowafikia. Yanachelewa. Mimi si mwepesi kumshinda Rukaya. Mimi nasikia kwanza."

Jiten alitoka nyuma ya kioo, uso umemshuka. "Anachosema ni kweli," alisema. "Kosa ni langu."

Bwana Bushiri aliweka wimbo hewani, na Jiten akaeleza. Picha zinazokwenda Kizota zilikuwa zinakwamakwama njiani, watazamaji wakalalamika kwamba mtu anafungua mdomo na kuganda hivyo hivyo. Basi aliiagiza kompyuta ya kule ikusanye kwanza sekunde nne za picha na sauti ndipo ianze kuzionyesha.

"Ni kama simtanki ya maji," alisema. "Bomba la mtaani linatoka na kukatika, lakini ukijaza tanki kwanza, nyumbani maji hayakatiki. Watazamaji walifurahi, na mimi nikalala usingizi. Mtu anayetazama nyimbo nyumbani, sekunde nne zinamdhuru nini? Nilimfikiria anayetazama tu. Sikumfikiria anayetakiwa kujibu."

"Na wale watoto walituambia," Mwalimu Gaudence alisema polepole. "Walituambia wazi, hewani, tukawaita waongo. Hatukutuma hata mtu mmoja akasimame ukumbini kwao atazame."

Mashindano yaliahirishwa na pointi zote zikafutwa. Jiten alifanya kazi juma zima. Picha ni mzigo mzito, aliwaeleza wanafunzi waliokwenda kumchungulia, lakini sauti ni nyepesi. Hakuna haja ya sauti kukaa kwenye foleni ikisubiri picha. Basi swali litasafiri peke yake kwenye waya wa simu, ambao hauweki akiba ya kitu, na picha itafuata nyuma. Akafunga spika kwenye simu ya ukumbi wa Kizota. Kisha, ili pasiwe na mtu wa kunung'unika, akawahamisha akina Zuleha kutoka mbele ya Bwana Bushiri akawaweka chumba cha nyuma, nao wasikie kwa simu vilevile. Alikwenda Kizota yeye mwenyewe na saa yake ya mkononi, akapima mara ishirini, ndipo akaridhika.

Jumamosi iliyofuata Bwana Bushiri aliwaomba radhi watoto wa Kizota bila kutia utani hata kidogo. Halafu mchuano ukaanza, na mchuano ulikuwa mchuano. Kengele zilipokezana. Ikawa tano kwa tano, ikawa tisa kwa nane, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja.

"Swali la mwisho," ilisema simu. "Mmea hupumua kupitia vitundu vidogo vilivyoko wapi hasa..."

Zuleha alilijua. Mkono wake ulikuwa hewani, unashuka. Kengele ya Kizota ikalia.

"Kwenye majani," alisema Rukaya.

Zuleha alipiga makofi pamoja na wengine. Alisikia uchungu, tusidanganyane, kwa sababu alikuwa amezoea kushinda. Lakini ulikuwa uchungu safi, wa kushindwa na mtu aliyekuzidi. Usiku ule alilala bila kuota kitu.

Lakini kuna jambo halikuwa limekwisha. Rukaya hakuwa amempigia simu wiki nzima. Jumapili Zuleha aliaga nyumbani akaenda Kizota.

Fundi Swalihu alikuwa anapiga tupa geti mlangoni. "Shikamoo, Baba," alisema Zuleha.

"Marahaba, mwanangu. Mwenzako yumo ndani."

Rukaya alikuwa anapanga sahani za chakula cha mchana. Hakukimbia kumkumbatia kama siku zote. Aliendelea kupanga, kisha akauliza bila kugeuka, "Ulijua tangu lini?"

Palikuwa na jibu rahisi. Zuleha angeweza kusema aligundua Jumamosi ileile, palepale studio, na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa amechoka kumeza maneno.

"Tangu Jumapili ulipokwenda kununua barafu," alisema. "Nilisikia kwenye simu nilipompigia Bibi."

Rukaya aligeuka. "Kwa hiyo niliporudi na kukupa barafu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na wiki nzima niliyokuwa nakariri ile radhi mbele ya kioo."

"Nilikuwa najua, Rukaya. Nilipenda kuitwa Umeme. Nilikuwa nasema kesho, kesho. Nisamehe."

Rukaya alikaa chini, akalia. Hakulia hivyo hata alipoitwa mwongo na mji mzima. Zuleha naye alilia, akiwa amesimama mlangoni, hajui kama aingie au aondoke.

Sauti ya tupa ilikuwa imenyamaza. Fundi Swalihu aliingia akijifuta mikono, akakaa kwenye kigoda katikati yao. Alikuwa mtu wa maneno machache, na macho yake hayakuwa na hasira.

"Zuleha," alisema, "ule mtambo ulimchelewesha mwanangu sekunde nne. Haukujua unachofanya, basi Jiten akauchokonoa kwa bisibisi na umepona. Wewe ulimchelewesha siku sita, na ulijua. Hapo fundi hana bisibisi."

"Ndiyo, Baba."

"Sikugombezi. Kusimama mbele ya watu wote na kusema jambo linalokuvua jina lako, watu wazima wengi wangeshindwa. Leo tena umeulizwa, na ungeweza kudanganya, hukudanganya. Mimi nimeona. Lakini nataka uondoke na hili, wewe na mwenzako pia. Ukijua ukweli unaomhusu mtu, kuna mtu mahali fulani anausubiri, hata kama yeye mwenyewe hajui kwamba anausubiri. Kila siku unayokaa nao, ni yeye anayelia. Useme mapema, hata ukitetemeka."

Akanyanyuka, akamgusa kila mmoja kichwani, akarudi kwenye geti lake.

Rukaya alijifuta pua kwa kanga, akasogea upande mmoja wa mkeka, akaweka sahani moja katikati badala ya mbili.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Nitakasirika mpaka kesho." Alinyoosha mkono na kumvuta Zuleha chini, karibu yake. "Haya, nawa mikono tule."